Sahani ya Mama wa Juu

Wiki iliyopita niliagiza vitabu, na katoni ikaletwa hadi mlangoni kwangu hapa Columbus. Niliiweka mezani, nikakata utepe kwa kisu cha jikoni, na kabla sijaona kitabu hata kimoja nikamwona mama yangu. Ilikuwa harufu tu. Harufu ya vitabu ilikuja baadaye. Iliyotangulia ilikuwa ya katoni yenyewe, karatasi ngumu na gundi na vumbi kavu, ile ile aliyorudi nayo kutoka ghalani siku zote za utoto wangu. Kuna watu ambao mama zao walinukia moshi wa kuni au mafuta ya mawese. Wangu alinukia maboksi. Hata akioga, hata akijipaka losheni mpaka viwiko vikang'aa, ukimkumbatia shingoni utalikuta boksi linakungoja.

Vitabu vyenyewe vilikuwa riwaya za kigothi za karne ya kumi na tisa, nyingi zikiwa zimeandikwa na wanawake. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya sasa: nawasomesha vijana wa chuo vitabu hivyo. Kama hujawahi kuvisoma, usijali, si vigumu kuvielewa. Chukua nyumba kubwa ya mawe, mbali na majirani. Weka msichana ndani yake. Mwambie kwamba mama yake alikufa zamani. Kisha mfanye asikie hatua juu ya dari. Hapo umeshapata nusu ya riwaya hizo. Katika nyingi ya hizo nilizosoma, mama hayupo: amekufa, au amefungiwa, au amebaki picha ukutani inayofanana na binti kupita kiasi. Na binti huzunguka ndani ya nyumba ile akifungua milango mmoja mmoja, akidhani anatafuta siri, kumbe anatafuta mama.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini waandishi wale waliwaondoa mama. Mimi huwajibu kwa utaratibu: kwamba mama akiwepo angemzuia binti kwenda kwenye hatari na hadithi isingeanza, kwamba wanawake wengi wa enzi ile walifariki wakijifungua, kwamba sheria ilimpa mume mamlaka makubwa juu ya mke, hivyo chumba chenye kufuli hakikuwa ndoto tupu. Wao huandika, wanaridhika. Lakini jibu langu la kwanza nililipata kabla sijajua kwamba kuna swali, nikiwa msichana mdogo Louisville, katika nyumba iliyokuwa na mlango mmoja nisioruhusiwa kuugusa.

Nyumba ile ilikuwa ya mbao, imebanwa kati ya nyumba nyingine mbili kama mtu aliyekaa katikati ya kiti cha basi. Chini palikuwa na jiko na sebule. Ngazi zilipanda hadi vyumba viwili, changu na cha mama, na kati ya milango yetu palikuwa na mlango wa tatu, mwembamba, wenye vidaraja viwili mbele yake. Ulielekea darini. Mwenye nyumba alikuwa ameweka vitu vyake huko na kuondoka na ufunguo. Mama alinionya mara moja tu, siku tuliyohamia.

"Huyo mlango, apana. Si yetu."

Tulikuwa wawili. Baba alikuwa amefariki katika kambi ya wakimbizi, sikumbuki uso wake. Mama alifanya kazi ghalani, shifti ya jioni. Nikishuka kwenye basi la shule namkuta jikoni amekwisha kupika, amevaa viatu vyake vya kazi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Ananitazama nikila matunda, ananiuliza habari za shule, mimi namjibu kwa Kiingereza, yeye anakasirika kidogo. Kisha anatoka na kufunga mlango kwa nje kwa ufunguo. Alirudi nikiwa nimelala. Hatukuona ajabu yoyote. Kwake ulikuwa ulinzi: mtoto ndani, kufuli mlangoni, Mungu juu ya paa. Kwangu ulikuwa ndio mwisho wa mchana.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama wa mama. Kwetu mtoto akibeba jina la mzazi wako, huliropoki jina lile ovyo, ukimfokea nalo au ukimtuma nalo dukani, maana ni kama unamfokea na kumtuma mzazi wako. Kwa hiyo mama hakuniita kwa jina langu. Aliniita Mama. "Mama, kuya ukule." "Mama, umefanya mazoezi ya shule?" Mimi namwita Mama, yeye ananiita Mama, na wageni wanacheka. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba ana pua. Na kama pua, sikuwa nikiitazama.

Kuhusu nyanya mwenyewe, sikuambiwa kitu. Nilijua kwamba alibaki nyumbani wakati wa vita. Nikiuliza zaidi, mama hupata kitu cha kufuta mezani.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza bila kukwama, na msimamizi wa maktaba ya shule alinipa riwaya moja ya zamani, iliyofupishwa kwa ajili ya watoto. Nimeshindwa kuikumbuka kwa jina, na nimeitafuta. Ilikuwa na picha za wino. Msichana alikaa na mjomba wake karibu na kinamasi, na kila siku alimsikia mtu akiimba taratibu nyuma ya ukuta. Mjomba akamwambia ni upepo. Mtumishi akamwambia ni maji. Lakini msichana aliujua wimbo, ingawa hakukumbuka nani alimfundisha. Nilikuwa nikikisoma kitabu kile jioni zangu za kufungiwa, nimejifunika blanketi, na juu ya dari yangu kitu kilikuwa kikikwaruza.

Siku moja nilirudi shuleni nikapita moja kwa moja kwenda chumbani kutua begi. Nilipotaka kushuka nikamsikia mama akizungumza kwenye simu na Mama Mkubwa, yaani dada yake, aliyekuwa Buffalo. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kanisani. Nikakaa kwenye daraja la juu kabisa la ngazi.

"Donc, Mama iko kule juu, peke yake," alisema, akichanganya Kifaransa kama watu wa kwetu. "Nafunga mlango na ufunguo, naenda ku kazi. Akilia, nani atamusikia?"

Akamsikiliza dada yake.

"Apana, hajue kitu. Usimuambie. Na hapa hawapendi, wakijua ni shida, watakuya na polisi." Akasikiliza tena. "Bon. Mama atakaa kwako. Nitamuleta miye mwenyewe."

Nilikaa pale ngazini, na mwili wote ukawa masikio. Fikirini jinsi nilivyolisikia jambo lile. Dada wawili wakisema "Mama" kati yao, wanaweza kumsema nani isipokuwa mama yao? Na juu kulikuwa wapi? Mimi tayari nilikuwa juu. Nikageuza shingo nikautazama ule mlango mwembamba wenye vidaraja viwili. Kitu kikakwaruza, taratibu, kikatulia.

Nyanya alikuwa hai. Nyanya alikuwa darini.

Nataka niwe mkweli kuhusu hisia zangu, kwa sababu watu hudhani kwamba mtoto angeogopa. Sikuogopa. Nilifurahi sana, kisha nikaona uchungu, kisha nikafurahi tena. Na wala sikumchukia mama. Kitabu kilikuwa kimenifundisha kwamba wanaofungia watu wana sababu zao, na sauti ya mama kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeteseka. Niliona tu kwamba kuna mzee juu ya kichwa changu na hakuna aliyemtunza. Mtoto wa kwetu anajua la kufanya hapo.

Jioni ile nilipasha chakula changu, ugali na sombe, yaani majani ya muhogo, nikakigawa. Nusu nikala. Nusu nikaiweka kwenye sahani nyeupe, nikaifunika kwa sahani nyingine, jinsi tunavyomwekea mtu ambaye hajafika. Nikaiweka kwenye kidaraja cha mlango wa dari. Nikainama nikasema kwenye ufa, "Nyanya, ni chakula." Kule ndani kukakwaruzwa mara moja, nami nikaona ni jibu la adabu.

Asubuhi sahani ilikuwa jikoni, imeoshwa, imekaushwa.

Rafiki yangu mkubwa wakati ule alikuwa Belise, Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula, naye hakuacha kunikumbusha. Tukiwa kwenye basi la shule nikamwambia siri yangu.

"Nyanya yangu yuko darini," nilisema.

"Nyanya ziko jikoni," alisema Belise. "Darini kuna bibi."

"Basi bibi. Amefungiwa."

"Acha uongo! Kwenu mnafungia wazee?"

"Namsikia. Anakwaruza."

"Bibi anakwaruza? Huyo ni panya, mwenzangu."

"Anakula sombe yangu."

"Panya naye anakula sombe. Hata mbwa."

"Na sahani anaosha?"

Belise akakuna kichwa kati ya misuko.

"Hapo sasa," alisema. "Usimpe sombe peke yake. Mzee anahitaji samaki."

Nikaanza kuongeza samaki. Kila jioni ya kazi niliweka sahani, kila asubuhi niliikuta imeoshwa. Na katika majuma yale mama alibadilika. Alinisuka nywele polepole, akipitisha kidole kwenye kila mstari kama anayesoma. Alikaa kitandani kwangu asubuhi akinitazama nikivaa soksi. Mara nyingine alianza kusema jambo, akaliacha. Aliniletea koti zito lenye kofia ya manyoya, wakati Louisville majira ya baridi yalikuwa yanaisha na watu wanatembea bila kufunga makoti. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu nyanya anakula. Mzigo umempungua.

Kisha likizo fupi ya shule ikafika na mama akaniambia tunakwenda Buffalo kumwona Mama Mkubwa. Nilielewa: tunakwenda kuandaa mahali pa nyanya. Nikataka kumuaga. Mama alipokuwa bafuni nikaweka mkate wote uliobaki kwenye kidaraja, nikasema kwenye ufa, "Tunarudi." Mlangoni nilisitasita. Mama alifunga nyumba, akajaribu kitasa, tukaenda.

Basi la Louisville kwenda Buffalo lilitushusha Columbus kusubiri jingine. Sikujua kwamba ningekuja kuishi katika mji huu. Kwangu ulikuwa chumba chenye viti vya chuma, mashine ya soda, na sauti kwenye kipaza ambayo hakuna aliyeielewa. Sanduku kubwa lilikuwa miguuni petu. Mama alikuwa na mkoba mdogo tu mapajani. Nilikuwa nimekula nusu ya andazi, nusu nyingine nikaifunga kwenye karatasi, maana nilikuwa nafikiria mkate ule, kwamba hautatosha.

"Mama," nikasema, "nani atapeleka chakula juu?"

"Juu wapi?"

"Kwenye ule mlango."

Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa akisubiri mlango wa kuingilia, na mimi nimeufungua.

"Weye ulifikiri sijue? Nilitaka nikuambie, nilikosa njia ya kuanza. Kila siku narudi mgongo umekufa, napanda ngazi, naikuta ile sahani hapo karibu na mlango yangu, imefunikwa vizuri. Nakula nimesimama, na koti bado nimevaa. Najisemea, huyu mtoto ni mdogo lakini alinifikiria." Akanishika kidevu. "Na hata samaki unaniachia! Asante, Mama."

Nilimtazama.

"Ulikula wewe?"

"Nani mwingine?"

"Ilikuwa ya Mama!"

"Njo miye huyu," akajigusa kifua.

"Si wewe! Mama yako. Nyanya. Yule unamfungia juu."

Tabasamu halikuondoka ghafla. Liliondoka kidogo kidogo, kama maji yanavyoondoka kwenye karai lililopasuka.

"Nani alikuambia hiyo kitu?"

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema Mama iko juu, nafunga mlango. Ulisema utampeleka Buffalo. Ulisema polisi." Nikaanza kulia, kwa sababu kila nilichosema kilionekana kibaya zaidi kikiwa nje ya kichwa changu. "Na sasa tumemwacha, na mkate ni kidogo."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, lakini alikuwa akicheka, kicheko kile kinachoumiza mbavu na hakitoi sauti.

"Mungu wangu," akasema alipopata pumzi. "Nilikula chakula ya marehemu. Wiki zote hizi nakula chakula ya marehemu, na nasema asante." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sikia. Kule juu kuko panya na viti vya mwenye nyumba. Nyanya yako alikufa. Mama ni nani? Miye namuita nani Mama kila siku? Ni weye. Ile mutu ya juu ni weye."

Alikuwa bado anacheka kidogo aliposema hivyo. Mimi nilikuwa nimeacha kulia. Nilikuwa narudia maneno yale ya simu, moja moja, na kuyahamisha kutoka kwa nyanya kuja kwangu, kama mtu anayehamisha vyombo kwenda nyumba nyingine. Yuko juu peke yake: mimi. Akilia, nani atamsikia: mimi. Hajui kitu. Atakaa kwako. Nikalitazama sanduku. Nilikuwa nimemsaidia kulifunga. Nguo zote zilizokuwa ndani ni zangu, na koti zito lilikuwa juu kabisa. Nikautazama mkoba mdogo wa mama.

"Kwa hiyo ni mimi unaniacha," nikasema.

Kicheko kikaisha. Mama akaanza kunieleza, na nakumbuka kwamba alieleza vizuri, bila kuniona mdogo. Mwanamke mmoja kazini alikuwa amemuuliza nani anabaki na mtoto jioni. Mama akajibu kwa fahari kwamba mlango una kufuli imara. Yule mwanamke akashtuka. Akamwambia kwamba nchi hii mtoto hafungiwi peke yake, kwamba watu wameondolewa watoto kwa sababu hiyo.

"Sikujua," alisema mama. "Kwetu mutu asipofunga mlango njo anaitwa mama mbaya. Sasa nikifunga, watakuchukua. Nisipofunga, naogopa. Niliomba shifti ya mchana, walisema nisubiri. Kwa Mama Mkubwa utakuwa na mutu nyumbani. Ni mwaka moja. Labda mbili."

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Nalia sasa."

"Eh," akasema. "Basi nilichelewa tu."

Kipaza kikaita basi letu. Tulipanda, tukakaa bega kwa bega, na njia nzima sikumwegemea. Nje mashamba yalikuwa ya kahawia, baadaye yakawa na viraka vya theluji, baadaye yakawa meupe. Katika kitabu changu, msichana alipoupata mlango na kuufungua, mama yake alikuwa ndani, wakakumbatiana, na ukurasa ulioufuata ulikuwa wa mwisho. Hakuna aliyeandika walichoambiana kesho yake. Mimi huwaonyesha wanafunzi wangu jambo hilo. Huwaambia, angalieni jinsi waandishi hawa walivyojua kumtafuta mama, na jinsi walivyoharakisha kufunga kitabu wakimpata. Si uvivu. Kumpata ndiyo sehemu ngumu.

Mama Mkubwa aliishi ghorofa ya juu ya nyumba yenye ngazi za mbao kwa nje. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti iliyotangulia mwili wake. Alitupokea kwa kelele, akatulisha, akalisikia lile jambo la sahani kutoka kwa mama, naye akacheka mpaka akakaa sakafuni na kuomba asaidiwe kuinuka. "Marehemu wa kuosha vyombo!" alisema. "Huyo ningependa anitembelee miye." Lakini nilimwona, katikati ya kucheka, akimtazama mdogo wake kwa jicho lisilocheka.

Asubuhi mama alikuwa amevaa koti tayari. Basi la kurudi Louisville lilikuwa la mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye godoro nililopewa, nimempa mgongo. Nilikuwa nimeamua kwamba sitasema kwa heri. Nilidhani mtu asiyeagwa hawezi kuondoka.

"Ulimuambia mtoto nini juu ya Mama?" Mama Mkubwa akauliza.

"Sikumuambia kitu," mama akajibu.

"Njo maana alimutafuta ku dari." Akavuta kiti, akaniita nikae mbele yake. Mama akasema jina lake kwa kumwonya, jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mama Mkubwa hakugeuka.

Alinieleza kwa maneno machache. Nyanya alikuwa na miguu mibovu. Siku walipokimbia hakuweza kutembea, na alikataa kubebwa kwa sababu angewachelewesha. Akawaambia wamfungie kwa nje, waweke kufuli kubwa, ili wapiganaji wakipita waone kwamba nyumba haina mtu, waendelee na njia yao. Mama Mkubwa alikuwa amembeba mtoto wake mgongoni na mzigo kichwani. Aliyekuwa na mikono mitupu ni mdogo wake.

"Mama yako njo alifunga," alisema. "Tuliambiana tutarudi siku mbili, tatu. Hatukuweza kurudi tena."

Sikumtazama yeye. Nilimtazama mama, aliyesimama karibu na mlango akishika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

"Kila siku," mama akasema, sauti ikiwa ndogo, "kila siku nikizungusha ule ufunguo kule Louisville, nasikia sauti ya ile kufuli. Nasema, Mama, narudi. Nasema kabisa, kwa mdomo. Halafu natembea."

Nikakumbuka kwamba ni kweli. Alisema hivyo kila siku alipofunga. Mimi nilidhani ananiambia mimi tu.

"Na leo unataka kuniambia kwamba utamuacha hapa na utaenda?" Mama Mkubwa akauliza.

"Huku hakuna kufuli. Huku kuko weye."

"Na kwako kuko nani? Ukirudi usiku mgongo umekufa, nani atakufunikia chakula? Panya?"

"Yaya," mama akamwambia, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "niko na kazi."

"Kazi iko hata huku. Wazee wa Buffalo wanajiogesha? Wanatafuta watu kila siku pale ninapotunza wazee, na ni kazi ya mchana."

"Sitaki kukaa kwako kama mtoto."

"Kaa kama mdogo wangu. Hiyo si aibu, ni cheo."

Mama alitazama saa ya ukutani. Alitazama dirisha, ambako theluji ilikuwa imeganda mpaka nusu ya kioo. Nilijua kwamba nikisema neno, lolote, nitamlazimisha, na nilitaka sana kusema. Nikauma shavu kwa ndani. Siku ile niliona kitu ambacho nimekitafuta baadaye katika vitabu vingi na kukipata mara chache: uso wa mwanamke ambaye ni mama na ni binti kwa wakati mmoja, na wote wawili wamechoka. Nadhani waandishi wale wa zamani waliuona uso huo nao. Labda ndiyo maana walimficha mama nyuma ya ukuta na kumpa binti mshumaa, wakawatenganisha ili waweze kuwatazama mmoja mmoja.

"Vitu vyangu viko kule," mama akasema mwishowe.

"Vitaletwa."

"Na nyumba..."

"Ni ya mwenye nyumba, na panya wake."

Mama akacheka kwa pua, kidogo tu. Akavua mkoba begani akautundika kwenye kitasa, akauondoa, akauweka chini. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mzito, kama mtu aliyeshuka kwenye safari ndefu kuliko ile tuliyoisafiri. Chini barabarani gari la theluji lilipita likikwangua lami, na alingoja mpaka kelele zake zikaisha. Ndipo alipoinama akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia. Fundo lilikuwa limekaza, likamshinda. Nikainuka kwenye godoro, nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikafungua cha kushoto.